Mwana wa Mamake, Ukumbi wa Sita

Jumanne moja ya Februari, saa tisa na robo mchana, Mwanabaraka Shee alirudi kutoka kunywa chai akamkuta mzee amekalia kiti chake. Hilo la kiti lilimuudhi. Kwa miaka miwili walinzi wa makumbusho yale madogo ya kaskazini mwa London walikuwa wamepigania kiti kimoja kwa kila ukumbi. Waliandika barua, wakaugua migongo, wakaletewa mtaalamu wa kuwafundisha kusimama, na mwishowe viti vikaja. Sasa mtu asiyekuwa hata na stika ya mgeni kifuani amejitandaza juu ya hicho kimoja kama yuko barazani kwao.

Mzee alivaa shuka jeupe kiunoni na kilemba chenye vishada vyekundu, miguu mitupu. Paji lake la uso lilikuwa kamili, hata makunyanzi ungeweza kuyahesabu, lakini kuanzia kwenye nyusi kwenda chini alikuwa akififia, na ulipofika kwenye vifundo vya miguu alikuwa amebaki kidogo tu, kama chai iliyozidiwa maziwa. Nyuma yake, ndani ya kabati la kioo, kisanduku cha shaba kilikuwa kinatoka jasho.

"Mzee, kiti hichi ni cha kazi," Mwanabaraka akamwambia.

"Una tambuu?" mzee akauliza.

Mzee alisema Kicham, lugha ya kwao, Mwanabaraka akasema Kiswahili cha Kuze, Mombasa, na hawakupata taabu yoyote ya kuelewana. Mazungumzo yao tangu siku hiyo yalihusu tambuu, wakwe na maumivu ya magoti, na hayo hayajawahi kuhitaji mkalimani.

Jioni alishuka Kingsbury, alikopanga chumba juu ya duka la Pramila, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu na ambaye wapangaji wote humwita Mama Hemal. Mwanabaraka alimwomba majani ya tambuu, popoo na chokaa ya kutafunia.

"Wewe si ulisema meno yanauma?" Pramila akauliza.

"Si yangu. Kuna mzee kazini, amekufa zamani, amenishika sana."

"Basi chukua haya ya leo, ya jana yamekauka," Pramila akasema, akamfungia kwenye gazeti. "Na umwambie asiteme ukutani. Wangu, baba mkwe, alifanya hivyo miaka kumi na moja."

Kesho yake mzee alitafuna, akakolea rangi mpaka mabegani, akajitambulisha. Jina lake lilikuwa Ja Liah, na watoto walimwita Ong Ja Liah, maana kwao Ong ni babu. Wacham, alieleza, ni watu wa pwani ya kusini ya nchi ambayo leo inaitwa Vietnam. Walikuwa na wafalme, na merikebu za vita, na minara ya matofali mekundu ambayo mpaka leo wasomi wanagombana iligandishwa kwa kitu gani. Kisha ufalme ukaliwa kidogo kidogo, karne baada ya karne, ikabaki minara na watu wanaoizunguka. Yote hayo aliyasema haraka haraka kama mtu anayesoma masharti ya bima, kwa sababu kilichomkera Ong Ja Liah si ufalme. Kilichomkera ni mamake.

"Kwetu mtoto ni wa mamake," akasema. "Mwanamume anazaliwa kwa mamake, anaoa, anahamia kwa mkewe, analima shamba la mkewe, anazaa watoto wa ukoo wa mkewe, anakufa. Wanamchoma. Wanaokota vipande tisa vya paji la uso, wanavisugua vikawa mviringo, wanavitia kwenye kisanduku. Ukifika mwaka unaofaa anarudishwa kwa mamake, chini ya mawe ya ukoo tunayoyaita kut. Mke naye anakwenda kwa mamake."

"Kwa hivyo hata mkeo hamkuzikwa pamoja?"

"Alikuwa anakoroma," Ong Ja Liah akasema kwa utulivu mkubwa.

Mambo yalimharibikia kabla ya mwaka ule unaofaa kufika. Kisanduku chake kilikuwa kimefichwa kinangoja, akapita Mzungu mmoja mpima ardhi, mwenye masharubu. Akakiona, akakipenda, akakitikisa. Alisikia vitu vinagongana ndani, akadhani ni popoo zilizokauka. Kwa hiyo sasa, miaka mia moja na thelathini baadaye, kibao kando ya kisanduku kilisema: *Kisanduku cha tambuu. Shaba. Indochina.* Maonyesho yenyewe yaliitwa Starehe za Mashariki, na jirani yake kabatini alikuwa bomba la kuvutia kasumba.

Mwanabaraka ni mtu wa utaratibu. Alikwenda kwa Tom, mkuu wa mikusanyo, kijana mpole mwenye soksi za picha za korongo, akamweleza kwamba kile kisanduku si cha tambuu, kina mtu ndani, na mtu mwenyewe yuko ukumbi wa sita amekalia kiti. Tom akashuka, akamwangalia Ong Ja Liah, akamwamkia. Aliporudi alisema mambo mawili. La kwanza, mgeni yeyote lazima avae stika, akamletea. La pili, vibao vilikwisha kuchapwa, na havitapitiwa upya mpaka baada ya miaka mitano.

"Na hasa," akaongeza, "daftari letu linasema tambuu."

Mwezi mmoja ukapita hivyo. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Ong Ja Liah alipewa kazi ya kuwaambia watoto wa shule wasiguse vioo, wakamtii kuliko walivyowatii walinzi. Siku Mwanabaraka alipokula sambusa ya nyama ya ng'ombe, alisogea hatua mbili. Watu wake hawali ng'ombe. Ndugu zao Wabani, ambao ni Wacham vilevile lakini wa upande wa Mtume, hawali nguruwe, na ndio maana harusi zao zina mbuzi wengi. Wabani hao, akasema, wakifika Ramadhani wana makuhani wanaofunga kwa niaba ya watu wote. Mwanabaraka akafikiria mifungo ya London ya mwezi Juni, saa kumi na nane bila tone la maji, akawaza kwa muda mrefu sana.

"Astaghfirullah," akasema mwishowe. "Lakini wana akili."

Jedidah, mlinzi wa ukumbi wa tano, mwanamke wa Machakos aliyeokoka, hakumpenda mzee. "Wacha nikuambie, nimemkemea mara mbili kwa jina la Yesu," akamwambia Mwanabaraka. "Mara ya kwanza akaniuliza kama nina chokaa. Mara ya pili akaniambia nimenenepa."

Mwezi Machi mamake Ong Ja Liah akaanza kupiga. Alipitia kwenye redio za mkononi ambazo walinzi hufunga kiunoni, kila siku saa nne asubuhi, akafunika mawasiliano ya jengo zima.

"Ja Liah! Uko wapi wewe? Wenzako wote wamefika! Dada zako wamefika! Mpaka yule mjombako mlevi amefika!"

Ong Ja Liah alijikunyata kitini. "Niko njiani, mama," akasema.

"Njiani tangu lini? Nimekuwekea nafasi hapa kushoto kwangu, watu wananisogelea!"

Walinzi wengine walipunguza sauti. Mwanabaraka hakupunguza ya kwake. Mamake mwenyewe alifariki Kuze mwaka 2016, wakati pasipoti ya Mwanabaraka iko katika ofisi fulani inangoja muhuri, na mazishi aliyatazama kwenye simu ya mpwawe, simu ikitikisika, akaona zaidi kanzu za watu kuliko jeneza. Aliposikia lile sauti la bi kizee likifoka, alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi zamuni. Alikuwa ameshaamua: huyu mzee atafika kwa mamake.

Aprili akaja msichana mmoja mwenye mkoba mgongoni. Alisimama mbele ya kabati, akasoma kibao, akatamka neno moja la kwao ambalo lilimfanya Ong Ja Liah akae wima. Jina lake Nhung, Mcham wa Phan Rang, anasomea mabwawa na mifereji katika chuo kimoja hapo mjini, kwa sababu kwao mvua ni mgeni asiyetoa taarifa. Alimwamkia mzee kwa mikono miwili, kisha wakaanza kuulizana wanawake: nani alimzaa nani aliyemzaa nani. Kwa dakika kumi walitaja mabibi tu, hakutajwa mwanamume hata mmoja. Walipofika kwa mama wa sita, wakakutana. Nhung alitoka kwa dada mdogo wa Ong Ja Liah.

"Kwa hivyo ni mjomba wako," Mwanabaraka akasema.

Kwa Kiswahili lilikuwa jambo la neno moja. Na kwa Kicham lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu Nhung ni kitinda mimba wa kike, na kwao kitinda mimba wa kike ndiye anayerithi nyumba na kuwatunza wafu. Yaani katika dunia nzima, mtu mwenye haki ya kumchukua mzee huyu na kumpeleka kwa mamake alikuwa amesimama pale ukumbini, na koti lake la mvua.

Tom aliwapokea vizuri, akawapa maji ya chupa. Alisema angependa sana kumrudisha mzee, ila kwa mujibu wa daftari hakukuwa na mzee, kulikuwa na kisanduku cha tambuu.

"Kifungueni," Nhung akasema.

Wiki tatu baadaye fundi wa makumbusho alikifungua, kwa glavu na taa na mswaki mdogo. Ong Ja Liah alihudhuria, uso ameugeuzia ukutani, kama mtu anayepekuliwa mifuko mbele za watu. Ndani mlikuwa na vipande tisa vya mfupa, vya mviringo, vyeupe. Fundi akavihesabu mara mbili. Jedidah, aliyekuwa amekuja kuchungulia tu, akavua kofia.

Tom alifurahi kweli. Aliwapa Nhung na Mwanabaraka mkono. Akaeleza kwamba sasa mambo yamekuwa wazi: hiki si chombo tena, ni mabaki ya binadamu, na mabaki ya binadamu yana heshima yake. Hayawezi kukaa hadharani. Mchana uleule kisanduku kikateremshwa stoo ya chini, nyuzijoto kumi na sita, mlango wa kadi. Kabatini palipobaki wazi wakaweka kijikaratasi: *Kimeondolewa kwa muda*. Bomba la kasumba likabaki peke yake.

Mabaki ya binadamu yana pia fomu yake. Nhung aliijaza maktaba, Mwanabaraka akimshikia kikombe. Swali la saba liliuliza: je, mwombaji ni mzao wa moja kwa moja wa marehemu? Palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nhung aliweka alama kwenye hapana, kwa kuwa hakulelewa kusema uongo, akaambatisha kurasa nne zinazoeleza ukoo wa mama, mawe ya kut, na kwa nini watoto wa mwanamume ndio watu wa mwisho kabisa duniani wa kuulizwa habari za mifupa yake.

Jibu lilikuja Juni. Makumbusho yalishukuru kwa kurasa nne zenye mafunzo mengi. Kwa masikitiko, yasingeweza kumkabidhi marehemu kwa mtu asiye mzao wake. Yangependa kusikia kutoka kwa wazao wenyewe.

Wazao walikuwepo. Walikaa kijiji cha pili kutoka kwa akina Nhung, ng'ambo ya mfereji. Nhung aliwapigia simu ya video, Tom akiwa mezani na daftari lake, na kwenye kioo akatokea mwanamke wa makamo ana kitambaa cha Kicham kichwani, nyuma yake jamaa kumi na wawili na jogoo. Nhung alimweleza. Mwanamke akashtuka.

"Huyo tumchukue sisi? Tumkosee mamake kwa lipi? Aliishi kwetu tukamlisha, akafa tukamchoma vizuri, tumemaliza. Mpelekeni kwa mamake! Mkimleta huku kwetu tutaugua mpaka kuku."

Jamaa kumi na wawili wakaitikia. Nhung alitafsiri neno kwa neno, na alipomaliza alikuwa anatabasamu, kwa sababu ushahidi haungeweza kuwa bora zaidi ya huo. Tom aliandika kwa makini. Kisha akawasomea alichoandika: *Wazao wa moja kwa moja wamewasiliana nasi na wamekataa kumpokea marehemu. Faili limefungwa.*

"Lakini si wamekwambia apelekwe wapi?" Mwanabaraka akasema. "Tom, baba, si umesikia mwenyewe?"

Tom alisema amesikia, na kwamba yeye binafsi anaumia sana. Na kweli aliumia, siku ile hakula keki yake.

Wiki ile Mwanabaraka alifikiria kuiba. Si siri, alimwambia Jedidah, na Jedidah, ambaye mwezi Februari alikuwa anamkemea mzee kwa damu ya Yesu, akasema yeye atasimama mlangoni aimbe pambio kama kuna mtu anakuja. Walishindwa na jambo dogo. Kadi ya Mwanabaraka ilifungua ukumbi wa sita na choo cha wanawake, basi. Ya Jedidah ilifungua ukumbi wa tano, na choo hichohicho.

Viza ya Nhung iliisha Septemba. Siku ya kuondoka Ong Ja Liah, aliyekuwa sasa akipanda kutoka stoo kila mchana akiwa amepoa mikono, alimsindikiza mpaka mlangoni. Mashine ya kuhesabu watu ikahesabu wawili wakitoka, kisha mmoja akirudi. Nhung alikuwa amekuja London kusomea namna ya kufikisha maji yanakotakiwa, akapata shahada ya daraja la kwanza, na mjomba wake mmoja alikuwa amemshinda. Mwanabaraka alimkumbatia, akamwambia mwanangu, usijilaumu, lakini maneno ya namna hiyo yanajulikana uzito wake.

Siku nne baadaye, saa nne asubuhi, redio zilikaa kimya. Bi kizee hakupiga. Siku ya tano hakupiga. Siku ya sita alishuka kwenye basi la ghorofa mbele ya makumbusho pamoja na watu wengine kumi na saba, wengi wao wanawake, wamevaa nguo nyeupe, mapaji ya uso yameiva na miguu haionekani. Kijana wa mapokezi aliwapa stika kumi na nane na ramani za jengo. Bi kizee alikuwa mfupi mno. Alikwenda moja kwa moja ukumbi wa sita, akamkuta mwanawe, akamzaba kofi, kisha akamshika kichwa kwa mikono yote miwili na hakukiachia kwa muda mrefu. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Jedidah alilia waziwazi, na mtalii mmoja akapiga picha ya bomba la kasumba.

Walishuka stoo wakapitia sakafuni, wakajipanga kwenye rafu kumzunguka Ong Ja Liah, kila mmoja mahali pake, mama katikati, mwana kushoto, mjomba mlevi mwisho kabisa. Wakakaa. Tom alipopewa taarifa alishuka na kuwakaribisha, akaagiza nyuzijoto zipandishwe mbili. Ripoti ya robo mwaka ilisema idadi ya wageni wanaorudia imepanda kuliko wakati wowote, na wadhamini wakapongeza.

Mwezi Oktoba Nhung akampigia Mwanabaraka simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Ilikuwa Kate, sikukuu yao kubwa ya kuwakumbuka miungu na wazee. Mnarani mambo yalikwenda vizuri, mungu ameoshwa, amevishwa. Kisha wakaenda kwenye mawe ya ukoo, wakatandika mikeka, wakapanga mayai, ndizi, kuku, wali, pombe. Akawaita wafu mmoja mmoja kwa majina, maana hiyo sasa ni kazi yake. Hakuitikia mtu. Chakula kilibaki na ladha yake yote, jambo ambalo kwao linatisha kuliko njaa. Mamake alizimia. Wajukuu wakala kuku, wakasema ni mtamu sana.

"Dada Mwanabaraka, hapa kuna mawe tu," Nhung akasema. "Waambie arudi hata mmoja. Hata yule mlevi."

Mwanabaraka alishuka ngazi akaweka simu kwenye mlango wa stoo. Bi kizee alijibu kutoka ndani bila kupandisha sauti. Alisema ukoo haukai nusu nusu. Alisema wamengoja upande ule miaka mia na thelathini, na sasa watangojea upande huu, na yeye Nhung asisahau kufunika mtungi wa maji.

Kwa hiyo Nhung akaomba viza ya matembezi, wiki mbili tu, aje awapikie angalau mara moja. Tom alimwandikia barua nzuri ya kumuunga mkono. Fomu iliuliza kama ana jamaa Uingereza. Nhung aliandika kumi na tisa, akataja majina yote na anwani ya stoo. Fomu iliuliza pia ni jamaa gani anaowaacha nyumbani, akaandika mama, ambaye ni mgonjwa, na mawe.

Barua ya kumkatalia aliituma kwa simu, Mwanabaraka akaisoma amesimama mlangoni pa stoo, kwa sauti, aya kwa aya, kwa sababu bi kizee alitaka kusikia yote. Ofisi ilikuwa imepima maombi kwa uangalifu. Ilikuwa imeona kwamba karibu watu wote wa ukoo wa mwombaji wanaishi London. Kwa sababu hiyo haikuridhika kwamba ana kitu cha kutosha cha kumrudisha kwao.

Ndani, mtu mmoja, pengine mjomba mlevi, alikohoa.

"Hapo wamesema kweli," bi kizee akasema.

Mwanabaraka alikunja simu ndani ya mtandio. Alitaka kuomba radhi, akatafuta kwa niaba ya nani, akakosa. Saa kumi na moja ilipofika makumbusho yakafungwa.